Dawa Chini ya Kiti

Landrova ya zamani haivuji oili, inaweka alama mahali ilipolala. Huo ulikuwa utani wa Fundi Yoakimu, na kila mwenye gari bovu aliyewahi kufika gereji yake pale Maisaka, nyuma ya mashine ya kusaga, alikuwa ameshausikia zaidi ya mara moja. Walicheka hata hivyo, kwa sababu walimwamini. Mtu akishakukabidhi gari lake, hata utani wako uliochakaa atauchekea.

Walimwamini kwa desturi yake moja. Yoakimu akibadilisha kifaa, kile cha zamani hakitupi. Alikifuta vizuri, akakifunga kwenye gazeti na kumkabidhi mwenye gari kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni maji ya kunawa. "Hiki ndicho kilichokuwa kinakusumbua," alisema. Babati mafundi wapo wengi, na miongoni mwao wapo wanaokuambia wamebadilisha kitu ambacho hata kukigusa hawajakigusa. Yeye alikuwa na gazeti lake, na gazeti lile ndilo lililokuwa jina lake mjini.

Ndiyo maana Bibi Bernadina wa Nangara alimpelekea Landrova ya marehemu mumewe, Mwalimu Konstantini. Bernadina alikuwa nesi mstaafu mwenye miaka sitini na minane, na gari aliliendesha mwenyewe. Alijifunza ujanani, akipeleka chanjo vijijini, na vijana wa bodaboda walimpisha bila kuambiwa. Gari lile lilikuwa linavuja oili ya injini kwa nyuma, pale injini inapokutana na giaboksi. Alitaka lipone kwa sababu ya mjukuu wake Anjela, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mwezi wa nane Anjela alikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, na alikuwa ameshasema hapandi gari la kukodi lenye maua ya plastiki. Ataingia ukumbini na gari la babu yake, basi.

"Ni sili ya nyuma, Mama," Yoakimu alimwambia akiwa bado amelala chini ya gari. "Mpira umekauka na umri. Nitashusha giaboksi, nitaweka mpya. Ijumaa unachukua gari lako."

Sili iliagizwa Arusha, ikaja na basi Alhamisi mchana. Alipoipima tu akajua haiwezi kuingia, ni ya injini nyingine kabisa. Alimpigia muuzaji, muuzaji akamwambia asubiri wiki tatu, na hata hizo hakuziapia. Mtu mwingine angekwenda Nangara akasema, Mama, mambo yamekwama. Ni maneno matatu, hayamchubui mtu ulimi. Lakini Yoakimu alikuwa ameshasema Ijumaa, tena mbele ya wateja wawili, na alikuwa fundi ambaye neno lake halirudi. Sifa nzuri nayo ni mzigo, na wengine huona bora waseme uongo kuliko kuutua.

Juu ya rafu yake kulikuwa na chupa ya dawa ya kuziba uvujaji, aliyoachiwa na mchuuzi wa spea. Yeye mwenyewe alikuwa akiwacheka watu wanaonunua dawa hizo. Alijua zinachofanya na zisichoweza. Dawa ile ukiitia kwenye oili ya injini hulainisha mpira wa zamani na kuuvimbisha kidogo, ukakaza pale ulipokuwa umelegea. Mpira uliochanika haiushoni, na uliokwisha haiufufui. Kwa gari la zamani inaweza kukupa miezi kadhaa, au isikupe hata wiki. Nitaitia kwa muda tu, akajiambia, sili ikija nitamwita kwa kisingizio chochote nibadilishe kimyakimya. Akamimina nusu chupa, akafuta oili yote chini ya gari.

Alikuwa bado ameishika chupa alipomsikia Bernadina akisalimiana na watu mashineni. Akaisukuma chini ya kiti cha dereva. Tuseme kweli, hata hapo alikuwa hajadanganya mtu. Pengine angesema. Lakini bibi yule alifika, akachungulia chini, akaona pakavu, akatabasamu na kukinga mikono yake miwili.

"Haya Fundi, iko wapi ile ya zamani?"

Yoakimu aliingia stoo. Alisimama mbele ya kopo la vyuma chakavu. Kisha akachomoa sili kuukuu ya trekta, pete ya chuma yenye mpira, akaifuta, akaifunga kwenye gazeti na kutoka nayo.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinakusumbua, Mama," akasema.

Juu ya ujira wake Bernadina alimletea debe la maharage ya shambani kwake. Dorika, mke wa Yoakimu na mama wa mtoto wao Michael, aliyapika jioni ile ile kwa nazi, na nyumba nzima ikanukia. Yoakimu alisukuma sahani, akasema tumbo linamsumbua. Tumbo lake lilikuwa zima. Aliona aibu kula maharage ya mtu ambaye yeye alimfungia chuma cha trekta.

Lililomtesa zaidi ni kwamba dawa ilifanya kazi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, Bernadina alitandika boksi chini ya gari na boksi likabaki safi. Jumamosi moja kwenye jumuiya ya kanisa, baada ya sala, alisimama kumshukuru Mungu kwa mambo matatu, na la tatu lilikuwa Fundi Yoakimu. "Nchi hii ingekuwa na mafundi kumi wa namna yake," alisema, "tungelala milango wazi. Alinionyesha mpaka kile alichokitoa. Nimekiweka kabatini, pamoja na miwani ya Mwalimu." Watu waligeuka kumtazama fundi. Dorika alijinyoosha kwa fahari. Yoakimu aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na siku hiyo alikuwa amevaa ndala.

Kila asubuhi aliapa atamwambia. Kila jioni alijiambia, kitu kisichovuja hakina haja ya kusemwa. Sili ya Arusha haikuja, naye akaacha kuiulizia, na siku nyingine alisahau kabisa kuwa hakubadilisha kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wahenga hawakusema humuumbua lini.

Siku nne kabla ya sendofu, Bernadina na Anjela walikwenda Dareda kuchukua mchele na mbuzi waliochangiwa na ndugu. Wakati wa kurudi gari likaanza kuwa zito, kana kwamba kuna mtu anayelivuta kwa nyuma. Magurudumu yakanuka kuungua, kisha yakatoa moshi. Kwenye mteremko kabla ya kuingia mjini, bibi alikanyaga breki na mguu ukazama mpaka chini, hakuna kitu. Hakupiga kelele. Aliliingiza gari kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, likakata mabua safu kumi na kusimama kwenye tuta. Mbuzi walitoka wazima. Anjela alivunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko.

Gari lilivutwa na lori mpaka Maisaka. Yoakimu alifungua kikopo cha oili ya breki, akachovya kidole, akanusa. Alifungua mipira ya breki mmoja mmoja, yote imevimba na kunasa ndani, laini kama embe bovu. Breki zilishika zikakataa kuachia, zikapata moto, oili yake ikachemka, na hapo ndipo zilipokosekana kabisa. Hakuhitaji kuuliza ni nini kimeivimbisha. Aliingiza mkono chini ya kiti cha dereva akaitoa ile chupa, tupu, alama za vidole vyake vyeusi bado ziko kwenye kizibo. Akatazama huku na huku, halafu akaitia mfukoni mwa ovaroli. Alifanya hivyo haraka sana, kama mtu aliyezoea, na kwa hilo alijionea aibu kuliko yote yaliyotangulia.

Kesho yake asubuhi Bernadina alikuja kwa miguu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Fundi. Umeona nini?"

"Ni breki tu, Mama. Mipira imechoka. Gari la siku nyingi."

Bernadina aliketi kwenye benchi la wateja, mkoba magotini. Alionekana mdogo kuliko siku zote.

"Usinifiche kwa heshima," akasema. "Mimi ndiye niliyeliharibu. Wiki iliyopita niliona oili ya breki inapungua kidogo. Nikasema nisikusumbue kwa jambo dogo. Nilipokuwa nafagia gari nikaikuta chupa chini ya kiti, imeandikwa kuwa inaziba oili inayovuja. Nikaona kizibo kina vidole vyako. Nikasema, tazama Fundi alivyo mwema, ameniachia dawa na hata hakuringa kuniambia. Nikaimimina kwenye oili ya breki. Kwangu mimi oili ni oili. Oili ya injini, oili ya breki, jina ni moja. Nimefanya kazi ya dawa maisha yangu yote, Fundi, na nimetia dawa nisiyoijua, nikamvunja mjukuu wangu mkono. Hata usingizi sipati."

Akaanza kulia, bila sauti, akijifuta kwa ncha ya kitenge.

Chupa ilikuwa mfukoni mwa Yoakimu, inamgusa paja. Angeweza kusema, pole Mama, ni bahati mbaya. Lingeishia hapo. Jina lake lingebaki mahali pake, na kikongwe huyu angebeba lawama mpaka kaburini akiamini ni yake. Akaitoa chupa, akaiweka kwenye benchi katikati yao.

"Nilikuwa nimeificha," akasema. "Pale kwanza niliificha usiione, na jana nikaificha tena. Nusu yake niliitia mimi kwenye injini. Sili sikubadilisha, Mama. Iliyokuja haikuingia, nami nikaona aibu kukuambia."

Bernadina aliacha kulia. Aliitazama chupa, kisha akamtazama yeye.

"Na ile uliyonifungia kwenye gazeti?"

"Ya trekta."

Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma upande wa pili. Bernadina alipozungumza sauti yake haikupanda.

"Wodini tulikuwa na sheria. Ukimpa mgonjwa dawa, andika kwenye kadi. Usipoandika, nesi wa zamu inayofuata atampa nyingine juu yake. Mgonjwa atafia mikononi mwa yule wa pili, na yule wa pili ndiye atakayelia." Akafunga mkoba wake. "Wewe uliniacha mimi nilie."

"Nitalitengeneza bure, Mama. Breki zote, na sili nitaifuata mwenyewe hata—"

"Gari utalitengeneza, ndiyo kazi yako. Sizungumzii gari." Akasimama. "Anjela nimemwambia ni mimi niliyemvunja mkono. Tangu jana ananibembeleza nile. Nenda Nangara sasa hivi. Mimi nitakuja taratibu nyuma yako, sitaki kuwepo."

Yoakimu alikwenda kwa miguu. Bajaji mbili zilisimama kumpa lifti, na madereva wote wawili walimwita fundi wa kweli, naye akazikataa zote mbili.

Anjela alikuwa uani, anachambua mchele wa sherehe kwa mkono mmoja, ule mwingine umo kwenye plasta na umening'inizwa kwa kanga shingoni. Alipomwona alijitahidi kusimama.

"Shikamoo, Baba Michael."

Neno la kujibu ni moja, hata mtoto wa chekechea analijua. Yoakimu alilitafuta akalikosa. Ataitikiaje heshima ya msichana huyu, akiwa amesimama mbele ya plasta ile? Badala yake akamwomba amletee kile kifurushi cha gazeti kilichomo kabatini, karibu na miwani ya babu.

Anjela aliona ni ajabu, lakini hakuuliza. Aliingia ndani akatoka nacho, na alipofika mbele yake akasita, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri.

"Usimseme bibi tafadhali, yeye hakujua," alisema. Kisha akamnyooshea kifurushi. "Na unisamehe, Baba, nakupa kwa mkono wa kushoto."

Yoakimu alikipokea kwa mikono miwili. Alifungua gazeti, akamwonyesha kile chuma cha trekta kilichokuwa ndani, kisha akaanza kusema maneno aliyoyasema mbele ya watu maisha yake yote, ila sasa, tofauti na siku alipomwambia bibi, yalikuwa ya kweli.

"Hiki ndicho kilichokuvunja mkono."