Ukara, Hesabu Hadi Ishirini

"Ukara, Ukara, hapa Kilima. Nihesabie tena. Ova."

Renatus Muganyizi aliachia kitufe cha maiki akasubiri, goti moja sakafuni. Mbele yake yalisimama makabati mawili ya chuma, ubavu kwa ubavu, ndani ya kibanda cha matofali kilichojengwa juu ya kilima, kati ya mawe ya Ilemela. La kushoto lilikuwa la zamani, limebambuka rangi, na redio iliyokuwa ndani yake ilibeba mazungumzo ya boti za kampuni tangu Renatus akiwa na nywele nyeusi. La kulia lilikuwa jipya, lina mlango wa kioo, na mitambo yake imepangwa mmoja juu ya mwingine kama vyombo vya bibi harusi. Jioni hiyo la kushoto lilitakiwa kuzimwa.

Kwenye spika ya kabati jipya ikaja sauti ya mwanamke, lakini vipande vipande, kama mtu anayeongea huku anakunywa maji. Ilisema moja, ikaruka, ikasema kitu kinachofanana na nne, ikafa.

"Bado," alisema Gladness bila kuinua macho kwenye kompyuta yake. "Tukianza kurusha tu, masikio yetu wenyewe yanaziba."

Gladness alikuwa injinia wa watu waliouza mitambo, binti wa rika la mtoto wa kwanza wa Renatus, ametoka Dar kuja kusimamia kazi. Alikuwa amekaa juu ya boksi tupu, viatu amevivua. Asubuhi alimpa mzee shikamoo yake kwa adabu zote, kisha akapanda mnara mwenyewe kufunga antena, jambo lililomfanya Renatus amheshimu mara moja. Magoti ya mzee yalikuwa yameshaacha kupanda.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Boti ya kampuni ikishapita nyuma ya visiwa, redio ya zamani hapa Mwanza ilikuwa haiisikii. Kituo cha kisiwani Ukara ndicho kilichosikia. Kwa hiyo kila nahodha alimwambia mwanamke wa Ukara, na mwanamke wa Ukara akaiambia Mwanza: abiria wamefika, upepo umechafuka, injini inakohoa. Mtambo mpya, na mnara wake mrefu, ungesikia boti zote wenyewe. Kituo cha Ukara kingefungwa, na Dorotea, aliyekiendesha, alishapewa taarifa. Redio mpya iliyokuwa mezani kwake ilikuwa ya majaribio tu, na ilipaswa kurudishwa Mwanza.

Renatus alimpenda Dorotea. Tuliseme hivyo hivyo, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kulisema, hata akiwa peke yake nyumbani kwake Igogo, akipasha chakula cha jana. Hakuwahi kumwona. Alikuwa amejenga au kutengeneza kila kituo cha kampuni ziwani, Nansio mara kadhaa, Kome, hata kule Ukerewe ndani ndani, lakini redio ya Ukara ilifungwa na fundi aliyemtangulia, na kwa ukorofi wake haikuwahi kuharibika. Kuna miaka mzee wa watu alikaribia kuiombea mabaya.

Basi alichokuwa nacho ni sauti, na mara kwa mara, kwa jina la kupima redio, alimwomba ahesabu. Alijua Dorotea akiwa na mafua. Alijua mvua ikinyesha Ukara kabla haijafika Mwanza, maana iligonga mabati ya ofisi yake na mgongano huo ukaja pamoja na maneno. Noela, mkewe, alipofariki, mabaharia wote walimpa pole redioni kwa zamu, na Dorotea akawa wa mwisho. Hakusema mengi. Alisema, "Kilima, leo usijibu mtu. Pumzika. Nitawajibia mimi," na siku nzima aliwajibia.

Kumwomba namba ya simu ni jambo la dakika, utasema. Lakini redio ya boti ni kama kibaraza cha mtaa: ukisema neno, manahodha wote wamelisikia, na mabaharia wao, na mpishi. Ofisini nako kulikuwa na Suzana wa masijala, ambaye habari ikimfikia asubuhi, mchana iko Mkuyuni. Na chini ya visingizio vyote hivyo kulikuwa na woga wa kweli. Pengine Dorotea alikuwa na mume. Renatus akijua hivyo, asingeweza tena kuisikiliza ile sauti kwa raha, na alikuwa hana raha nyingine.

Aliingiza mkono nyuma ya kabati jipya. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku cha kuchuja, ambacho kazi yake ni kutenganisha sauti inayotoka na inayoingia ili antena moja itumike kwa zote mbili. Vidole vyake vikagusa konekta ya waya wa kupokelea. Ikacheza. Kidogo tu, lakini ilicheza, na spika ikakohoa. Hapo hapo akajua ugonjwa uko wapi. Nati moja, spana moja, kazi imekwisha.

Akautoa mkono. Akafungua waya wa upande mwingine kabisa, ambao haukuwa na kosa lolote, akaanza kuusafisha kwa spiriti, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto.

"Turudi kwenye ya zamani nimweleze," alisema, akachukua maiki ya kabati la kushoto. "Ukara, hapa Kilima. Tunaendelea kutafuta. Hesabu hapa kwanza nipime sauti yako, halafu tutahamia kule. Hesabu hadi ishirini. Ova."

Gladness aliinua macho. Redio ya zamani ilikuwa haina haja ya kupimwa na kila mtu alijua.

"Kilima, nakupata," alisema Dorotea, na nyuma yake upepo wa Ukara ukapuliza dirishani. "Moja. Mbili. Tatu." Alihesabu bila haraka, kila namba ikiwa na nafasi yake. Renatus alifumba macho. Alifikiria kwamba kesho namba hizi hazitakuwepo, wala keshokutwa. Alitamani ishirini iwe mbali.

Alipomaliza, sauti nyingine ikadakia, nene, na mngurumo wa injini chini yake. Alikuwa Nestory, nahodha wa boti ya mizigo. "Fundi, si umfundishe na kuzidisha kabisa? Tangu asubuhi dada wa watu ni kuhesabu tu."

Boti nyingine ikacheka. Ya tatu ikasema mzee anatafuta mwalimu wa chekechea. Renatus aliirudisha maiki kwenye ndoano yake, uso umemwiva.

Mchana Jonathan, meneja, alipiga simu. Alitaka kujua kama kazi itaisha leo, kwa sababu kesho mafundi wengine wanakuja kubeba kabati la zamani. Renatus alimwambia kuna hitilafu ndogo inayowasumbua. Kwa kawaida hakuwa mwongo.

Alitoa mfukoni kahawa ya kutafuna aliyoletewa na ndugu zake wa Muleba, akammiminia Gladness kiganjani. Walikaa mlangoni. Chini yao mapaa yalishuka kati ya mawe hadi ziwani, na ziwa lilikuwa limetulia, la kijivu, halina habari na mtu.

"Mzee wangu," Gladness alisema, "naomba nikuulize bila kukukosea."

"Uliza, mama."

"Ile konekta ya kupokelea umeigusa tangu asubuhi. Mimi nimeiona kwenye kompyuta, kipimo kiliruka. Nikasema, basi kaiona, ataikaza. Hujaikaza."

Renatus alitafuna kahawa yake.

"Ningeweza kuikaza mwenyewe," Gladness aliendelea. "Lakini wiki iliyopita mimi ndiye niliyempelekea redio yule mama wa Ukara. Nilipomaliza kufunga akaniuliza: yule fundi wa Kilimani, anayeongea polepole, mmeshaonana? Nikamwambia bado. Akaniuliza kama ni mtu wa kucheka."

"Ukasemaje?"

"Nikasema sijui. Sasa najua siyo."

Kwa hiyo huyu binti amemwona. Amekaa naye chumba kimoja, pengine amekunywa chai yake. Swali lilimfika Renatus hadi kwenye meno. "Yukoje...?" alianza, kisha akainua mkono haraka. "Hapana. Usiniambie."

Gladness aliinuka. Alimpa spana tu.

Renatus aliingia ndani, akapiga goti, akapeleka mkono nyuma ya kabati. Nati ilizunguka nusu mduara ikashika. Aliikaza vizuri, kama alivyokaza nati zote za maisha yake, kwa sababu kuna watu watakaokuwa majini usiku na dhoruba, na nati hii ndiyo itakayosikia wakiita.

"Ukara, hapa Kilima. Tumia redio mpya. Hesabu hadi tano. Ova."

Sauti ikaja nzima. Kila boti ikasema inamsikia safi, Nestory akasema ni kama yuko naye sebuleni. Gladness akaandika vipimo vyake. Kilichobaki kilikuwa kuzima ya zamani.

Haikuwa kwenye utaratibu wowote, lakini kabla ya kuzima, boti moja moja ziliita Ukara kupitia redio ya zamani kumuaga. Mmoja alimshukuru kwa usiku ule wa dhoruba. Mwingine alisema mwanawe alizaliwa yeye akiwa majini na habari aliipata kwa Dorotea. Nestory, kwa mara ya kwanza, hakutania. Dorotea alimjibu kila mmoja, sauti yake ikinyong'onyea kidogo kidogo. Kisha boti zote zikawa zimemaliza, na wote walijua ni zamu ya nani.

Renatus alibonyeza kitufe. Ziwa zima lilikuwa linasikiliza.

"Ukara, hapa Kilima. Tunashukuru kwa kazi. Mwisho."

Akazima. Taa za kabati la kushoto zikafa moja baada ya nyingine, feni ikazunguka peke yake kidogo, ikasimama. Alijichukia mtu mzima yule. Miaka yote ile, na alipopewa nafasi akatoa maneno ya tangazo la kubandika ukutani.

"Tumebakiza jaribio moja," Gladness alisema nyuma yake, akivaa viatu. "Hizi redio mpya kila moja ina namba yake. Ukiita namba, inalia hiyo moja tu. Boti hazisikii, ofisi haisikii. Lazima tulijaribu na kituo kimoja, na kwenye orodha yangu imeandikwa Ukara. Lijaribu wewe. Mimi nakwenda kuangalia waya wa radi huko nje, na ni mrefu."

Alitoka, akavuta mlango.

Renatus alipiga namba. Akakosea, akaanza upya.

"Kilima, hapa Ukara," alisema mwanamke. "Nakupata. Ova."

Sasa, peke yake na ile sauti, ndipo aliposhtuka. Haikuwa na yale makwaruzo aliyoyazoea, yaliyomwonyesha umbali. Mtambo mpya ulikuwa umeyachuja yote, akabaki mwanamke peke yake, mtu mzima, mwenye uchovu kidogo kooni.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Ni mimi. Kwani nasikikaje?"

"Karibu," alisema Renatus. "Unasikika karibu mno."

Dorotea alicheka kidogo. "Yule binti ameniambia hapa hatusikiwi na mtu. Ni kweli?"

"Ni kweli. Hata Nestory."

Kisha Dorotea akasema, "Basi nikuulize, fundi. Hizo hesabu zako zote, miaka yote hii. Zilikuwa za redio?"

Renatus alikitazama kitufe cha maiki. Akakibonyeza.

"Hazikuwa za redio," alisema.

"Nilidhani hivyo," alisema Dorotea. "Na mimi nilikuwa nahesabu polepole."

Mzee Renatus aliweka paji la uso juu ya kabati jipya na kulia bila kutoa sauti, kwa sababu hakukumbuka kama ameiachia maiki au bado iko wazi.

"Ijumaa naleta redio yao," Dorotea aliendelea. "Nashuka na boti mwaloni Kirumba. Nikishakabidhi, nakwenda Musoma kwa dada yangu. Huku hakuna tena anayenisubiri jioni, tangu mume wangu alipozama. Au nikae Mwanza siku mbili, sijui. Lakini Kirumba ile, siku ya dagaa, watu ni wengi. Nitakujuaje?"

Alitaka kumwambia atakuwa amevaa shati gani. Alitaka kumwambia ni mfupi, ana mvi, asitarajie makubwa. Hayo yote aliyaacha.

"Usinitafute," alisema. "Simama tu palepale utakaposhukia. Nitakuita."

"Mbele ya watu wote wale?"

"Mbele ya watu wote wale. Dorotea," alisema, ili ajue jina hilo litakavyosikika.

Akaachia kitufe. Nje Gladness alikuwa akigonga kitu kwenye mnara bila sababu yoyote. Kwenye kabati taa ndogo ya kijani ikawaka, maana yake upande wa pili mtu ameshabonyeza. Renatus akasogeza sikio kwenye spika, akasikia kuku wakiparua uani, na mtu akipumua.