Necha wa Machimboni

Genowefa alikuwa akimenya viazi Necha alipoingia jikoni na kuketi karibu na jiko. Vita vilikuwa vikiendelea, na Necha alikuwa ameuawa na Wajerumani kabla ya theluji kuanguka, pamoja na Wayahudi wote wa mji, kwenye machimbo ya udongo. Tangu hapo alikuja kila jioni kumwona binti yake Gitla, mtoto wa miaka saba, aliyefichwa kwa Genowefa.

"Umenichafulia kiti tena, dada," Genowefa akasema.

"Niwie radhi. Kule hakuna pa kujipangusa."

Mbele ya majirani Gitla aliitwa Zosia, mpwa wa Genowefa, Mkatoliki kama wao. Sala alizijua, maana mama yake alimsikiliza na kumkosoa. Mkono ndio uliowashinda. Wayahudi wa mji ule, wakipita mlangoni, hugusa kikasha cha maandiko kilichopigiliwa kwenye mwimo, kisha hubusu vidole. Kwa Genowefa hapakuwa na kikasha, lakini mkono wa Gitla ulipanda wenyewe.

"Mkono huo utatuua," Genowefa akamwambia.

"Mimi hauniui tena," akasema Necha. "Niachieni mimi."

Jioni moja polisi mgeni akaja kupekua, akitafuta Wayahudi waliofichwa. Akamwamuru mtoto asali, na Gitla akasali bila kukosea.

"Haya, toka nje nikuone vizuri," polisi akamwambia.

Walipofika mlangoni mkono ukaanza kupanda. Necha akaudaka, akatoka naye.

"Na huyu mwenye matope?" polisi akauliza.

"Mama yake," Genowefa akajibu. "Ni marehemu."

Polisi alikuwa ametumwa kutafuta walio hai. Akavua kofia, akampa mtoto pole, akaenda nyumba ya pili.

Vita vilipokwisha, Necha alimshika Gitla mkono, wakarudi kwao mjini. Mlango wa nyumba yao ulifunguliwa na Walenty, kinyozi. Akamtambua Necha mara moja.

"Bi Necha. Siku nyingi."

"Nimemrudisha mtoto nyumbani."

Nyuma yake, mke wa Walenty alikuwa akipanga sahani za Necha mezani. Walenty akafikiri.

"Ungekuwa hai tungezungumza," akasema kwa upole. "Sasa marehemu, nyumba ya nini?"

"Ni ya mtoto. Yeye yu hai."

Walenty akamtazama Gitla, kisha akamtazama mama aliyemshika mkono.

"Huyu ana bahati, ana mama yake," akasema. "Wangapi siku hizi wana mama?"

Akawatakia usiku mwema, akafunga mlango taratibu, asije akambana mtoto vidole.