Migomba ya Ofisini

Jumatatu asubuhi, katika ofisi ya mradi mjini Bukoba, Renatha alifungua kompyuta akaendelea kubandika lebo kwenye mahojiano ya wajane wa Muleba. Unachagua maneno ya mjane, unayapa lebo, programu inayaweka pamoja na yanayofanana nayo. Alichagua maneno ya Anatolia, "Shemeji alinitoa kwenye kibanja kabla matanga hayajaisha," akayapa lebo ya Kunyang'anywa Ardhi. Mgomba ukachomoza sakafuni kando ya kiti chake.

Hadi mchana lebo ilikuwa na wajane arobaini na mmoja, na ofisi migomba arobaini na mmoja. Majani yaligusa dari. Kusema kweli, hakukuwa na kitu kizuri kiasi kile kilichowahi kuingia katika jengo lile, na watu walipita wakinong'ona kama wako kanisani. Renatha alifunika printa isidondokewe na utomvu.

Mkuu wa mradi, Dakta Kahangwa, aliinama chini ya jani akasoma skrini.

"Lebo zimezidi. Hii iunganishe na Migogoro ya Familia."

"Dakta, ripoti haitasema tena kwamba walinyang'anywa."

"Itasema wana migogoro. Inatosha."

Jumatano Anatolia alifika kwa basi kuthibitisha maneno yake, kama utaratibu ulivyotaka. Alizunguka taratibu katikati ya migomba, akasimama.

"Huu ni wangu, waitu. Niliupanda kwenye kaburi la Mujuni."

Kweli, chini yake vigae vilikuwa vimeinuka kama tuta, urefu wa mtu aliyelala. Miaka miwili shemeji hakumruhusu hata kufika kwenye ua wa kibanja. Anatolia alivua viatu, akakaa kando ya Mujuni mumewe mpaka saa tisa. Renatha alimwachia chumba. Machozi yalimtoka Renatha mwenyewe, naye hakuyaficha.

Ijumaa aliunganisha lebo kama alivyoagizwa, akajionea aibu. Migomba haikutikisika. Ripoti ilipokelewa vizuri, na wajane wakapata mstari mmoja ukurasa wa thelathini.

Shemeji bado anavuna kahawa ya Anatolia. Anatolia huja ofisini kila Jumatano na kisu chake, hupogoa majani makavu, huondoka kabla ofisi haijafungwa. Getini mlinzi humpa kitabu cha wageni. Panapoulizwa anakwenda kumwona nani, huandika: mume wangu.