Ngoma ya Upande wa Bwire

Niseme mapema: ngoma ya Mzee Oundo niliizima mimi, na nikasahau kuiwasha. Kompyuta haina makosa. Hata stima, ambayo hapa Malaba tunailaumu kwa kila kitu, siku hiyo ilikuwepo.

Mpwa wangu Apeduno anaolewa na kijana wa Sigalame anaitwa Bwire. Sisi ni Wateso, wao ni Wasamia, na familia zilikubaliana wimbo wa kuingia bibi harusi uwe na ngoma mbili, moja ya kila boma, ndiyo mtu asiseme yake imemezwa. Kazi ya kuzichanganya nikapewa mimi, Emorut, kwa sababu niko na kompyuta, spika mbili, diploma ya umeme, na godoro nimesimamisha ukutani kuzuia kelele za matrela. Mke wangu Velma huiita studio "kile chumba cha wageni tulinyang'anywa."

Upande wetu alipiga Ojakol, mpiga ngoma wa boma letu. Upande wao nilimrekodi Mzee Oundo, babu ya Bwire, kwake nyumbani kabla ya mvua. Mvua ilipoanza akaanguka shambani, na upande wake wa kulia ukapooza. Huo mkono sasa haushiki hata kikombe. Kwa hivyo ile niliyorekodi ndiyo ya mwisho.

Sasa, ukichagua plagini, yaani vile viprogramu vya kuongezea sauti uzito ama kuipunguzia kelele, lazima uzime zingine usikie moja peke yake. Nikamzima mzee nimsikilize Ojakol. Plagini ya kwanza ikafanya ngoma kama debe. Ya pili ikaiweka ndani ya kisima. Ya tatu nikaipenda. Chini yake nikapachika sampuli, yaani sauti iliyorekodiwa tayari, ya ngoma nzito, ndiyo hata kwa simu ndogo isikike kifuani. Nikafurahi sana, na mimi nikifurahi hivyo natuma. Nikatuma kwa grupu ya harusi.

Grupu ikajaa makofi, na waliosifu zaidi ni watu wa Sigalame. Halafu ikaingia sauti ya Mzee Oundo, polepole vile anaongea siku hizi. "Emorut, nimejisikia. Asante."

Velma alikuwa anakata mboga ya sukuma wiki. "Hapo wanapiga watu wawili?"

"Ndiyo."

"Mbona mimi nasikia Ojakol na Ojakol?"

Nikaenda kuangalia. Kitufe cha mzee kilikuwa kimezimwa, chekundu, kinaniangalia tu.

"Naweza kuiwasha nitume tena," nikasema. "Nitawaambia nimesafisha."

"Mzee amekuambia asante," Velma akasema. "Ukimdanganya, chakula utapikiwa na Ojakol."

Asubuhi nikabeba kompyuta na spika, nikapitia Busia hadi Sigalame. Rosebella, mke wa mzee, akanipokea mlangoni.

"Umekuja na redio, mkwe?"

"Nimekuja na aibu, mama. Redio inaisindikiza."

Nikawaeleza yote. Mzee akacheka na nusu ya mdomo. "Kumbe nilimsifu Ojakol."

"Wote mlimsifu. Hata shemeji yako wa Port Victoria alisema hiyo ni damu ya Kisamia inapiga."

Rosebella alicheka mpaka akakaa chini kwa mkeka.

Nikawasha ngoma zote mbili. Mwanzo ulikuwa mtamu. Halafu nikasikia kitu ambacho siku ya kurekodi nilikuwa nimesingizia maikrofoni: kila mara, pigo la mkono wa kulia lilikuwa linachelewa. Kidogo tu, kama mtu anayevuka kizingiti na mguu mbaya. Nikamwangalia mzee. Yeye alikuwa anaangalia mkono wake, umelala kwa paja.

"Kumbe ilikuwa imeanza," akasema. "Zima."

Nikazima.

"Tumia ile ya Ojakol. Siku ya harusi watu wacheze. Wasicheze ugonjwa wangu."

"Mzee, kuna plagini ya kunyoosha. Inavuta kila pigo mahali pake. Chai haitapoa kabla nimalize."

Nikaifanya hapo hapo, nikacheza tena. Ilinyooka. Hakuna pigo lilichelewa.

Rosebella akasikiliza hadi mwisho. "Huyo simjui," akasema. "Rudisha yule wa kuchelewa."

"Rosebella, wacha," mzee akasema.

"Niwache nini? Tangu unioe umewahi kufika mahali mapema? Hata siku ya kuniposa mlipata nyama imeshaliwa. Mkwe, rudisha."

Nikarudisha. Akainuka, akajifunga leso, akatoka uani na kuanza kutembea ule mwendo wa bibi harusi, taratibu, uso chini, kama Apeduno atakavyotembea. Mguu unainuka na Ojakol. Halafu unangoja hewani. Pigo la mzee likifika, ndiyo anaukanyagisha chini. Kuku wakampisha. Akafika kwa ghala, akageuka, hajakosa hata hatua moja, na mzee alikuwa amevuta kiti karibu na mlango kumwangalia miguu.

"Mzee," nikasema, "naomba uniruhusu nitume hii."

Rosebella alikuwa anarudi, mguu juu, anangoja. Mzee macho yalikuwa kwa huo mguu, na pigo lake lilipofika, mkono wa kushoto ukapiga paja.

"Mzee, naomba."