Baba Mkubwa wa Mbao

Mimi sina kaka, lakini binti yangu ana baba mkubwa. Ni wa mbao, urefu wake shibiri moja, kofia yake nyekundu, na mashavu yake niliyapaka rangi mwenyewe.

Ndiyo kazi yangu. Karakana ya serikali inachonga wanasesere wa kiongozi wetu, tunayemwita Baba Mkubwa, nasi wapakaji sita tunawapa sura: koti, kofia, masharubu, doa jeusi chini ya jicho la kushoto, na macho mwisho kabisa. Ukimaliza unamgeuza, unamgonga muhuri wa namba yako unyayoni. Mimi ni namba nne. Kila mtoto wa darasa la kwanza hupewa mmoja, na binti yangu alipopewa wake nilivimba kichwa.

Nilivimba siku tatu tu. Zamani nikirudi kazini alinidandia mgongoni hata viatu sijavua. Sasa namkuta mkekani, anamlisha yule bwana kwa kijiko kitupu.

"Mwanangu, hunipokei?"

"Ngoja kwanza, baba. Baba Mkubwa hajashiba."

Shuleni waliwafundisha na mchezo. Jioni mtoto anamnong'oneza Baba Mkubwa yote aliyoyasikia nyumbani, asubuhi anayarudia mbele ya mwalimu. Mwenye habari kubwa kuliko wenzake anabandikwa nyota kifuani. Mke wangu aliushtukia mchezo huo mapema, akawa hazungumzi lolote ndani ya nyumba ila mvua na jua.

Mimi, Mungu anisamehe, sikuogopa. Niliona wivu. Kwa nini anong'onezwe yeye, na masikio yale nimeyachora mimi?

"Mtu mzima na akili zako unakionea wivu kipande cha mbao?" mke wangu aliniuliza.

"Kipande cha mbao kinabusiwa kila asubuhi. Mimi nabusiwa lini?"

Alinitazama, akasema leo kuna mawingu.

Ijumaa mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilivuta mwanasesere ambaye hajapakwa. Koti na kofia nilimpa kama kawaida. Masharubu nikamnyima, doa nikamnyima. Nikamchora kovu langu la kwenye nyusi, pengo langu la meno, na macho yangu mwisho. Nikamgeuza, nikamgonga muhuri. Mkono ulikwenda wenyewe, miaka kumi na miwili imeuzoesha. Nyumbani nilimficha yule mwingine kabatini chini ya nguo kuukuu, nikamlaza wangu mahali pake.

Binti yangu alimkagua muda mrefu.

"Huyu anafanana na wewe, baba."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Jumapili jioni alimpeleka pembeni, akaweka mdomo kwenye sikio lake, akanong'ona kwa kirefu. Hatimaye ni mimi ninayenong'onezwa! Nilikula sahani mbili.

Jumatatu saa nne asubuhi mlango wa karakana ulifunguliwa. Aliingia msimamizi wetu, nyuma yake mwalimu amemshika binti yangu mkono, na wanaume wawili nisiowajua. Msimamizi alikuwa na mwanasesere wangu. Alimgeuza, akasoma unyayo.

"Namba nne, simama."

Nilisimama na brashi mkononi. Kabla sijapiga hatua, binti yangu alichomoka kwa mwalimu, akanikimbilia, akanirukia shingoni kama zamani, bila kujali rangi inayomchafua sare. Kifuani alikuwa na nyota kubwa ya dhahabu.

"Baba, nimekuwa wa kwanza shule nzima!"

Nilimkumbatia. Wale wawili walikuwa wanasubiri, nami nilitaka kujua jambo moja tu.

"Jana ulimnong'oneza nini yule anayefanana na mimi?"

"Nilimwambia yeye si Baba Mkubwa. Nikamwambia asilie, kesho nitampeleka kwa mwalimu."

Akanibusu shavuni, akateremka, akarudi kumshika mwalimu mkono.