Chura Mwenye Adabu

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya dimbwi, daftari magotini, akiuhakiki uongo wangu.

Uongo wenyewe ulikuwa na heshima zake. Likizo iliyopita, kwa herufi zilizonyooka kuliko foleni ya bwalo letu la shule, niliongeza mstari mmoja chini ya kibao cha chura: "Hulia mara saba, kisha hunyamaza kwa heshima ya wageni." Nilitegemea ungefutwa kabla ya jioni. Badala yake walimu wawili waliwaandikisha wanafunzi wao mstari huo madaftarini, na mgeni mmoja alimnyamazisha mkewe ili ahesabu vizuri.

Sasa vibao vyote vya kituo cha mazingira vilikuwa vinaandikwa upya, na mwandishi alikuwa yuleyule wa miaka kumi na tisa iliyopita, Shangazi. Alikuwa na kanuni iliyowachosha wenzake: hakuna sentensi inayoingia kibaoni, wala inayotoka, kabla hajakaa asubuhi tatu mbele ya kitu chenyewe. Kwenye kichuguu alikaa hadi mchwa wakamzoea. Hata jiwe alilipa asubuhi zake tatu.

Meneja alishamwonya. Vibao vingekwenda kwa mchapaji Ijumaa asubuhi. Cha chura kikikosekana, nafasi yake ingechukuliwa na picha ya chura aliyevaa kofia, akipunga mkono. Siku hiyo Shangazi alirudi nyumbani akala kimya, yeye ambaye hula akisimulia.

Na leo ilikuwa Alhamisi. Nilijaribu kumwokoa bila kujichoma: nikashauri mstari ule ukatwe tu, nani angeuliza? Akajibu kwamba watu wameshauamini, na kilichoaminiwa hakifutwi kwa uchovu. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Yangu ilikuwa imefika hadi kwenye madaftari ya darasa la tano.

"Shangazi, ule mstari niliuandika mimi."

"Najua, mheshimiwa." Hakuinua macho. "Nani mwingine angempa chura adabu ambazo yeye mwenyewe hana?"

"Sasa unahakiki nini?"

Akanionyesha kwa kidole. Maji yalikuwa yamepungua, na ukingoni kikabaki kidimbwi kilichotengwa, viluwiluwi wakigaragara topeni. Chura dume, mnene kama mlinzi wa bweni letu, alikuwa anasukuma udongo kwa miguu ya nyuma. Anasukuma, anapumzika, anasukuma tena. Nyuma yake mfereji ulikuwa unaelekea kwenye maji mengi.

Alianza jana, Shangazi akaninong'oneza. Naye, kabla hajajiwekea kanuni yake, alikuwa amenakili kibaoni, kutoka kitabuni, kwamba dume wa aina hii huyatelekeza mayai na kwenda zake.

"Kibao hiki kina uongo mara mbili," alisema. "Wako una miezi minne. Wangu una miaka kumi na tisa."

Nilimtazama mwanamke yule mwenye tope hadi vifundoni, kisha nikachuchumaa karibu na mfereji.

Akainuka, akajikung'uta. Alikuwa anakwenda kumwomba meneja muda mpaka kesho mchana, asubuhi ya tatu ipite, na akikataliwa angemwendea mchapaji mwenyewe. Akanikabidhi daftari.

"Andika utakachokiona. Hicho tu."

Nikaketi. Udongo uliobaki kati ya mfereji na maji mengi ulikuwa na upana wa vidole vinne. Chura akapumzika. Nami nikasubiri, kalamu juu ya karatasi, bila kuandika.