Bodi Kumi na Mbili, Jina Tisini na Sita

Asubuhi ile Desimali aliinama kando ya gari la baba mkwe wake akaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowazoea. Gari likajibu kwa sauti nene. Akaligonga tena karibu na gurudumu la nyuma, akaridhika, akaandika kwenye kiganja chake: tisini na moja.

"Unalifanya nini?" baba mkwe aliuliza. Alikuwa ameshika kitambaa na ndoo ya maji ya sabuni, amevaa aproni yake ya kinyozi, ingawa alikuwa ameacha kunyoa watu tangu mikono ilipoanza kumtetemeka na masikio ya wateja kuwa hatarini.

"Shikamoo, baba. Nalipima, nikalitumie kazini."

"Marahaba. Litumie likiwa hapohapo."

Gari lile liliitwa Mheshimiwa. Mzee aliliosha kila asubuhi, na akizungumza nalo sauti yake ilikuwa laini kuliko alipozungumza na binadamu. Lakini Desimali, mkwe wake, mzee alimwita "yule" tu. Mwambieni yule chakula tayari. Muulizeni yule kama ameona miwani yangu. Tangu Desimali aoe na kuhamia nyumba ile ya mkewe alikuwa yule, na lilimuuma, maana alimpenda mzee.

Kazini kwake ni ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, ambako kampuni ndogo ilikuwa ikitengeneza mchezo wa kompyuta. Katika mchezo huo unapewa kiwanda cha magari. Unachagua bati, unaajiri, unatangaza, unauza, na ukizubaa unafilisika. Desimali alishughulikia namba mbili tu: uimara wa bodi, na jina la gari, yaani vile watu wanavyolisifu au kulisema vibaya mitaani. Zote mbili ziliishia mia. Wenzake walimpa lakabu ya Desimali kwa sababu hata ukimuuliza kama chai ina sukari ya kutosha, atakujibu kwa nukta.

Ofisi ilikuwa na desturi yake. Kila namba iliyoingia kwenye mchezo ilitakiwa iwe na mzazi, kitu halisi huko nje ilikotoka, na ikishaingia, mtoto na mzazi walifuatana. Bei ya mafuta mzazi wake alikuwa kituo cha ng'ambo ya barabara. Subira ya wafanyakazi mzazi wake alikuwa mfagizi wa ofisi, mama mmoja mpole sana. Siku walipoishusha subira mpaka tano ili kujaribu mgomo, mama yule aliegemeza fagio ukutani, akavua viatu, akajilaza kwenye kochi la Mkurugenzi, na hakuamka mpaka walipoirudisha. Wakaandika ubaoni kwamba jaribio limefaulu.

Kwa hiyo Desimali alipoingiza tisini na moja, Mheshimiwa akawa tisini na moja kwelikweli. Jioni lori la mchanga lilirudi nyuma bila kuangalia, likamgonga. Lori likakunjika kama kopo la maziwa. Mheshimiwa hakupata hata mkwaruzo. Mzee alimzunguka akimpapasa, kisha akaingia ndani na kumwambia binti yake mkubwa, "Mwite mwanangu aje aone."

"Mwanao yupi, baba? Umezaa wasichana wawili tu."

"Si mumeo!"

Desimali alifurahi mpaka akala mara mbili. Na kwa raha zake, mzee akatangaza kwamba Mheshimiwa ndiye atakayempeleka binti mdogo harusini Jumamosi. Shemeji, bi harusi mwenyewe, alitaka gari jeupe la kukodi, lakini nani angethubutu kubishana na mtu aliyetoka kushinda lori?

Siku mbili baadaye Mkurugenzi alimwita ofisini. Alikuwa na mazoea ya kutafuna vifuniko vya kalamu, na mbele yake vilikuwepo kadhaa vilivyokwisha kuliwa.

"Mchezo wako unachosha," alisema. "Gari halichakai. Mtu akinunua moja, hanunui la pili. Kiwanda kinakufa huku kinasifiwa. Shusha bodi mpaka kumi na mbili."

"Bodi ikishuka, jina nalo litashuka, bosi. Nimeyafunga pamoja."

"Yafungue. Jina liache tisini na sita."

"Sawa, lakini mlango wa gari ukidondoka, lawama itakwenda wapi? Nisipoipa mahali, hesabu haifungi."

Mkurugenzi akatafuna kidogo. "Mpe mnunuzi."

"Na kama mlango umemwangukia mpita njia?"

"Naye mpe. Tusibague watu."

Desimali alijikuna kisogo. "Tatizo, mzazi wa bodi ni gari la baba mkwe wangu. Na Jumamosi lina harusi. Siwezi kumbadilisha mzazi, nikaweka labda gari lako?"

"Wewe ulishaona wapi mtu anabadilisha mzazi?" Mkurugenzi alisema.

Desimali akarudi mezani kwake. Aliona haya, akawaza harusi, akawaza mzee na kitambaa chake, akawaza pia kwamba mwisho wa mwezi haujali haya ya mtu. Akabonyeza.

Kabla hajafika nyumbani, bampa ya mbele ilikuwa imeshadondoka kwenye mguu wa muuza nyanya. Muuza nyanya aliruka kwa mguu mmoja, uso umemkunjamana kwa maumivu. "Samahani jamani," alisema, "nimeweka mguu pabaya." Kisha akaiokota bampa, akaipangusa kwa shati lake, akaiegemeza ukutani kwa adabu. "Gari la maana hili. Siku hizi hawatengenezi tena ya namna hii."

Kesho yake upepo ulichukua boneti ukaitua juu ya paa la mwalimu wa jirani, ikapasua mabati yake mawili. Mwalimu aliirudisha mwenyewe, ameibeba kichwani, akaomba radhi kwa kujenga nyumba njiani mwa boneti. Kadiri Mheshimiwa alivyopungua ndivyo alivyosifiwa. Watu walikuja na jamaa zao kumtazama, wakaondoka na vipande vya kutu kama kumbukumbu. Jirani mwenye gari jipya, zima kabisa, aliona aibu akawa analiegesha mtaa wa pili.

"Mbona nikikaa ndani naona barabara ubavuni?" mkewe Desimali alimuuliza.

"Mlango haupo."

"Aa, ndiyo maana." Akafikiri. "Labda niliufunga kwa nguvu. Usimwambie baba."

Desimali alijaribu kumweleza habari ya namba. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika shavu na kumwambia asijisumbue, yeye ndiye mwenye mkono mzito tangu utotoni.

Ijumaa mchana, wenzake walipokwenda kula, aliirudisha bodi tisini na moja. Akapiga simu nyumbani. Kutu imesimama, mkewe alisema, ila hakuna kilichorudi. Hapo ndipo alipoikumbuka kanuni aliyoitunga mwenyewe na kupigiwa makofi kwenye kikao: kilichooza hakirudi, kupandisha uimara huokoa bati lililobaki tu. Alijaribu kuifuta. Kompyuta ikamtaka alete idhini ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi akamtaka aache mzaha, kisha kwa mkono wake mwenyewe akairudisha bodi kumi na mbili.

Jumamosi Mheshimiwa alikuwa amebaki na injini, magurudumu, viti, usukani, sakafu yenye matundu, na mlango mmoja uliosimama peke yake upande wa nyuma. Mzee alifunga maua kwenye usukani, maana pengine pa kuyafunga hapakuwepo. Ndugu na majirani walijaa uani wakipiga vigelegele. Shemeji alitoka ndani na gauni lake refu, na ingawa gari lilikuwa wazi pande zote, alisubiri afunguliwe ule mlango.

Desimali hakuweza kuvumilia. "Baba," alisema, "bodi imeoza. Nakuomba, tukodi lile jeupe. Bado tuna muda."

Vigelegele vilikatika. Mkewe alimkanyaga mguu. Muuza nyanya, aliyekuja na mkongojo, alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia tusi msibani.

"Mwanangu," mzee alisema taratibu, "leo ni siku ya furaha. Tafadhali."

Wakaondoka. Kwenye kona ya kwanza sakafu ya nyuma iliachia. Kiti kilibaki, kimening'inia kwenye vyuma vyake, lakini miguu ya shemeji ilifika chini, akalazimika kukimbia ndani ya gari, ameshika mgongo wa kiti cha mbele kwa mkono mmoja na gauni kwa mkono mwingine. Mzee, aliyekuwa akiendesha, hakujua, alikuwa akiwapungia watu mkono. Desimali, aliyekaa mbele, aligeuka akamwona.

"Mwambie baba asimame, wewe atakusikia!"

"Acha tu, shemeji," alisema akihema. "Nimekaa vibaya."

Walipofika ukumbini, upande wa bwana harusi wote walisimama na kulipigia gari makofi. Mjomba wake akauliza gari la aina hii linapatikana wapi, akaambiwa halipatikani kirahisi, akasema atangoja. Kisha bi harusi akashuka. Alikuwa na kiatu kimoja, na gauni limeraruka hadi magotini, limelowa matope. Mama wa bwana harusi alimtazama kuanzia chini kwenda juu.

"Huyu hajafundishwa kukaa kwenye gari la watu," alimnong'oneza jirani yake, kwa sauti ya kusikika.

Shemeji alisikia. Aliinama kwa baba yake na kusema, "Nisamehe, baba, nimekuaibisha." Akalia, na watu wakamwacha alie, maana alikuwa na sababu.

Jumatatu mchezo uliingia sokoni. Kufikia mchana Mkurugenzi alikuwa amenunua keki. Wachezaji walinunua gari juu ya gari, na hakuna aliyelalamika. Zilizofika ofisini ni barua za kuomba radhi tu. Desimali hakula keki. Aliaga kwamba tumbo linamuuma, akaenda nyumbani kwa miguu.

Alimkuta mzee uani, amepiga magoti mbele ya vyuma, viti na usukani, anasugua.

"Mwanangu, njoo," mzee alisema bila kugeuka. "Wewe ni mtu wa magari. Niambie ukweli, usinionee haya. Nilikosea wapi?"

Desimali alichuchumaa kando yake. "Hukukosea popote, baba. Wala shemeji hakukosea. Ni namba, na niliishusha mimi kwa mkono wangu."

Macho ya mzee yakalegea kwa huruma. Akamwekea mkono begani.

"Una moyo mzuri wewe," alisema. "Lakini usijitwike lawama isiyo yako kwa ajili yangu. Nilikaa nikafikiri. Nadhani ni sabuni. Nilikuwa natia nyingi mno."

Akakikamua kitambaa. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kwa kutu. Akaimwaga ndoo chini ya ukuta, akanyanyuka kwa taabu, akaenda kuteka mengine, safari hii bila sabuni.